Hamisha Kitanda, Usihamishe Jembe

Kila mwaka, mvua kubwa zikishakatika na maji yakianza kurudi mtoni, huzuka mjadala ule ule. Watu walioponea juu ya matuta na katika madarasa ya shule hurejea penye nyumba zao, huchimbua mabati kwenye tope, na kuanza kukanda udongo ili wajenge upya. Hapo ndipo sisi tuliolala pakavu tunapouliza: Kwa nini watu hawa hawahami? Wamefurikiwa mwaka juzi, wamefurikiwa mwaka jana, na mwakani watafurikiwa tena. Serikali itawapelekea unga na mablanketi hata lini?

Swali hilo nimelisikia barazani Mombasa, nimelisikia ofisini Nairobi, na safari hii nimelisikia Shianda, katika Kaunti ya Kakamega. Hilo la Shianda ndilo lililonifanya nishike kalamu. Maana mtu wa Mombasa akiliuliza, twaweza kusema hajui. Lakini mtu wa Shianda akiliuliza ni jambo jingine, kwa kuwa maji yanayowazamisha watu hao wanaosemwa hupita kwanza kwake.

Msomaji wa pwani ambaye hajafika huko, yafaa aelezwe. Shianda ni soko lililo kando ya barabara itokayo Kakamega kwenda Mumias. Ni nchi ya mahindi, maharagwe na miwa, na mvua yake ni ya kutosha, tena ya kuzidi. Nayo si nchi ngeni kwetu. Mumias ndiyo ile "Kwa Mumia" waliyoitaja babu zetu waliokwenda bara na misafara, mahali pa kupumzika, kununua chakula na kupanga safari ya kwenda Uganda. Nabongo Mumia, mtawala wa Wawanga aliyefariki mwaka 1949, aliwapokea Waswahili kama alivyowapokea baba yake, Nabongo Shiundu, na watu wengi wa ukoo wake wakasilimu. Hata leo ukipita sehemu hizo utasikia adhana, na utakutana na mzee wa Kiwanga aliyevaa kanzu na kofia ambaye Kiswahili chake hakina pa kutoa kosa. Kwa hiyo tukizungumza habari za Shianda twazungumza habari za jamaa.

Mito na vijito vya sehemu hizo humwaga maji yake katika Mto Nzoia. Nzoia huanzia milima ya Cherangani na Mlima Elgon, ukashuka mwendo wa kilomita 250 hivi, ukapita karibu na Mumias, kisha ukaingia Ziwa Victoria katika nchi tambarare iitwayo Bunyala, au kama wengi wanavyoijua, Budalangi, katika Kaunti ya Busia. Maji ya nchi yenye ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 12,000 yote hutafuta mlango mmoja wa kutokea, na mlango huo ni shamba la Mnyala.

Mwenye macho ataona hapo kwamba mafuriko ya Budalangi hayaanzii Budalangi. Mvua ikinyesha Cherangani au Elgon, watu wa Bunyala huweza kufurikiwa ilhali kwao jua linawaka. Na kila mvua inaposhuka, haishuki peke yake. Huchukua udongo wa mlimani, na wa Shianda pia, wa mashamba yaliyolimwa hadi kwenye mdomo wa mto bila ya kuachiwa hata mti mmoja wala ukanda wa majani wa kuzuia tope. Udongo huo mwekundu, ambao mkulima wa juu anaulilia kwa kuwa ndio rutuba yake, huenda kutulia chini, katika kitanda cha mto, pale maji yanapopunguza mwendo.

Sasa tuwatazame hao wanaoambiwa wahame. Ili kuwakinga, serikali iliwajengea matuta ya udongo kandokando ya mto katika miaka ya 1970 na 1980. Kwa muda matuta yalifanya kazi. Lakini tuta lina tabia moja ambayo mjenzi wake aghalabu huisahau: linauzuia mto usitawanye tope lake bondeni, kwa hiyo tope hubaki mtoni. Mwaka baada ya mwaka kitanda cha mto huinuka, hata ikafika hali mto unapita juu kuliko nyumba zilizo nyuma ya tuta. Basi siku tuta likipasuka, maji hayaingii polepole kama yalivyoingia zamani. Huanguka kwa kishindo. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2003, na 2008, na 2011, na tena 2020. Katika mwaka huo wa mwisho msiba ulizidi, kwa kuwa Ziwa Victoria nalo lilipanda hata likapita kiasi kilichoandikwa mwaka 1964, ambacho watu walidhani hakitafikiwa tena. Mto unashuka, ziwa linapanda, na binadamu yuko katikati.

Baada ya kila msiba tuta lilitengenezwa. Mwaka 2007 ulipitishwa mradi mkubwa wa fedha za Benki ya Dunia kwa ajili ya mafuriko ya magharibi mwa Kenya, na kazi ilifanyika. Sisemi kwamba kazi hiyo ilikuwa bure. Watu wengi walilala usingizi kwa sababu yake. Ninasema tu kwamba tuta si kitu cha kujengwa kikaachwa. Ni kama jahazi: usipolikalafati kila mwaka, litakuzamisha siku utakayoliamini zaidi.

Wale waliosoma chuoni watakumbuka habari za watu wa Sabaa, zilizotajwa katika Sura iliyo na jina lao. Walikuwa na bwawa huko Maarib, katika Yemeni, na kwa bwawa hilo walikuwa na bustani mbili, kuume na kushoto, nchi njema iliyokuwa mfano kwa Waarabu. Bwawa lile liliharibika na kutengenezwa mara nyingi. Abraha, yule wa kisa cha ndovu, aliacha maandishi ya jiwe yanayoeleza jinsi alivyolitengeneza katika karne ya 6. Kisha ikafika siku halikutengenezwa tena, na watu wakatawanyika. Wanahistoria wa Kiarabu husimulia kwamba baadhi ya kabila la Azd walifika Oman kutoka huko. Qur'ani imetueleza sababu ya msiba ule, kwamba walikufuru neema, na hilo ni somo la imani. Lakini liko na somo la pili ndani yake: jamii yote iliyotegemeza uhai wake juu ya ukuta mmoja, imeuweka uhai huo mikononi mwa wale wenye wajibu wa kuutengeneza ukuta. Wakichoka hao, au wakila fedha, au wakipigana, maji hayatangoja.

Basi je, wahame? Kabla ya kujibu, yafaa kuondoa kwanza vizuizi viwili vinavyowekwa njiani.

Kizuizi cha kwanza ni kile cha kusema, "Hii ni kudura ya Mwenyezi Mungu, aliyeandikiwa kufa na maji atakufa nayo hata akipanda mlimani." Maneno haya husemwa na watu wa dini zote, na husemwa sana na sisi Waislamu, tena mara nyingine kwa ulimi wa mtu anayetaka kujificha nyuma ya kudura asiulizwe kazi yake. Jibu lake limetolewa zamani na mtu ambaye hakuna atakayeishuku imani yake. Sayyidna Umar (R.A.) alikuwa njiani kwenda Sham na watu wake, walipofika mahali paitwapo Sargh akaambiwa kuna tauni mbele. Akashauriana na Masahaba, Muhajirina na Ansari na wazee wa Kikureshi, kisha akaamua kurudi. Abu Ubaida akamuuliza iwapo anaikimbia kadari ya Mungu. Umar akamjibu kwamba ndiyo, anaikimbia kadari ya Mungu kuiendea kadari ya Mungu. Akampigia mfano wa mwenye ngamia aliyeteremka bonde lenye pande mbili, mmoja wa majani na mwingine mkavu: popote atakapolisha, atakuwa amelisha kwa kadari. Kisha akaja Abdurrahman bin Auf na hadithi ya Mtume (S.A.W.) iliyoafikiana na uamuzi ule. Ni kweli kwamba hadithi yenyewe ni ya maradhi, na maradhi yana hukumu zake. Lakini maana ya jibu la Umar ni pana: kuchagua upande wa bonde ulio salama si kupungukiwa na imani.

Kizuizi cha pili hutoka upande wa pili kabisa, kwa watu wa hesabu na ramani. Hao husema kwamba mahali penye hatari pasikaliwe na mtu, basi, na anayekaa ni mjinga. Nao wana jibu lao. Makka yenyewe iko bondeni, na mafuriko yameingia katika Msikiti Mtukufu mara zisizohesabika. Makureshi waliijenga upya Al-Kaaba kabla ya Utume baada ya kuharibiwa na maji, na ndipo yule kijana Al-Amin alipowapatanisha juu ya kuliweka Jiwe Jeusi mahali pake. Wakati wa ukhalifa wa Umar mafuriko yaliling'oa Makamu Ibrahim, naye akaenda mwenyewe, akalirudisha, akaamuru kujengwa kizuizi upande wa juu ili maji yageuzwe njia. Mwaka 1630 maji yaliangusha kuta za Al-Kaaba, ikajengwa upya katika enzi ya Sultani Murad wa Nne. Na mwaka 1941 kulipigwa picha ya mtu anayetufu kwa kuogelea. Hakuna aliyesema Makka ihamishwe. Pako mahali pasipoweza kuhama, na hapo wajibu ni kuyahamisha maji.

Lakini tuwe wakweli: Budalangi si Makka. Wala nyumba ya udongo iliyo hatua hamsini kutoka tuta bovu si Al-Kaaba. Kwa hiyo swali labaki, na jibu lake lataka tuangalie waliokwisha kuhamishwa, tuone yaliyowapata.

Upande wa pili wa Mlima Elgon, katika Uganda, iko wilaya ya Bududa. Tarehe 1 Machi 2010 mlima uliporomoka juu ya kijiji cha Nametsi, na watu wanaokisiwa kuwa zaidi ya 300 wakafukiwa. Serikali ya Uganda ikasema iliyosema kila serikali: wahame. Maelfu wakapelekwa Kiryandongo, mbali sana upande wa magharibi ya kaskazini ya nchi, nchi ya tambarare na joto, kwa watu waliozoea mlima, baridi, migomba na kahawa. Walipewa mashamba, na wako waliotulia hadi leo. Lakini wako pia waliorudi mlimani, na wako ambao hawakukubali kwenda tangu mwanzo. Mlima nao haukungoja. Mwaka 2018 maporomoko yaliua tena Bududa, na Novemba 2024 yakaua katika wilaya ya Bulambuli. Baada ya ule mpango wa Kiryandongo, serikali hiyo ilianza kuwajengea watu nyumba Bunambutye, chini ya mlima huo huo, mahali ambapo mtu aweza kwenda kuona kaburi la mama yake na kurudi siku ile ile. Katika mabadiliko hayo ya mpango mna fundisho: umbali ndio uliowashinda wengi, wala si ukaidi.

Mfano wa pili uko karibu zaidi nasi, kwa lugha na kwa dini, nao ni Rufiji. Watu wa Rufiji wamekaa na mto wao karne nyingi, na waliuelewa. Mto ukifurika huleta tope jipya shambani, na ukishuka hupandwa mlau, mazao yanayokua kwa unyevu ulioachwa na maji bila ya kungoja mvua. Bila ya mafuriko hakuna mlau. Mwaka 1968 maji yalizidi, watu wakapata shida kubwa, na serikali ya Tanzania ikaamua kuwahamisha bondeni na kuwakusanya katika vijiji vipya penye miinuko. Ilikuwa miongoni mwa operesheni za kwanza za vijiji nchini humo. Zilipatikana shule na zahanati, na nyumba zikawa salama zaidi, hilo halikataliki. Lakini mashamba yalibaki bondeni, maana udongo wa mwinuko ni mchanga usiolisha. Kwa wengine mwendo wa kwenda shamba ukawa wa saa nyingi. Basi watu wakafanya walivyoona wao: msimu wa kilimo wakashuka, wakakaa katika madungu, vile vibanda vya juu ya nguzo, wakilinda mpunga na mahindi na ndege na nguruwe, kisha wakapanda tena kijijini. Serikali ilihamisha watu, na watu wakarekebisha uhamisho.

Marekebisho hayo, yaliyofanywa na wakulima bila ya mhandisi wala mtaalamu, ndiyo jibu langu kwa swali la Budalangi. Tunapouliza "wahame au wasihame?" tunachanganya vitu viwili: mahali mtu anapolala na mahali anapolima. Maji ya usiku huua. Huua mtoto aliyelala, mzee asiyeweza kukimbia, mwanamke mwenye mimba. Maji ya mchana shambani huharibu mazao, na hiyo ni hasara, lakini hasara hulipika, na tope lililobaki huilipa nyingine kwa mavuno ya mwaka ujao. Kwa hiyo kitanda kihame, na jembe libaki. Nyumba, shule, zahanati, msikiti na kanisa vijengwe palipoinuka. Shamba, malisho na uvuvi vibaki bondeni, pamoja na madungu yake na mitumbwi yake. Na katikati iwekwe barabara inayopitika wakati wa mvua, isizidi mwendo wa saa moja kwa miguu. Kwa kuwa ikizidi hapo, wallahi watarudi kulala chini, nasi tutawaita wakaidi.

Jambo hili si geni pwani. Msomaji aliyefika Takwa, katika kisiwa cha Manda, ameyaona magofu ya mji uliokuwa na watu wake, msikiti wake na kaburi lake la mnara. Watu waliuacha mji huo katika karne ya 17, na inaaminika ni kwa sababu maji ya visima yaliingia chumvi. Walikwenda wapi? Mapokeo yasema walivuka mkondo wa bahari wakaenda Shela, katika kisiwa cha Lamu. Hawakwenda mbali, wala hawakuyatupa makaburi yao. Hata katika zama zetu watu wa Shela wamekuwa wakivuka kwenda Takwa kuomba dua ya mvua. Huo ndio uhamaji wa watu wenye akili: umeacha mahali pasipokalika, na hukumwacha aliyezikwa hapo.

Wala tusijidanganye kwamba mjadala huu ni wa bara tu. Watu wa Mto Tana wamekimbia maji mwaka 1997 na 1998, na 2018, na tena mwisho wa 2023. Kipini bahari imekuwa ikiimega nchi. Yatakapotufika, twataka tuulizwe kwa heshima, si kwa matusi. Basi na tuwaulize wenzetu vivyo hivyo.

Sasa nije kwenye lililo zito zaidi, maana ni rahisi kwa mwandishi kuchora kijiji juu ya karatasi. Ardhi ya mwinuko ina wenyewe. Nani atamwachia Mnyala nusu eka ya kujengea? Hapa ndipo serikali inapopaswa kushikwa kwa neno lake yenyewe. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, katika kifungu cha 134, imeweka utaratibu wa kuwapatia makazi watu wasio na ardhi, na imewataja waziwazi waliohamishwa na maafa ya kimaumbile. Basi sheria ipo. Unga wa misaada hununuliwa kila mafuriko, mahema hununuliwa, tuta hushonwa kiraka, na mwaka mwingine vyote hununuliwa tena. Fedha hizo zikijumlishwa kwa miaka ishirini zingenunua viwanja vingapi? Viwanja vyenyewe vitolewe kwa hati, na jina la mke liandikwe pamoja na la mume. Mtu asiye na hati huko juu hatathubutu kuivunja nyumba yake ya chini, kwa kuwa anajua aliyempa kwa mdomo aweza kumnyang'anya kwa mdomo.

Na ijulikane tofauti ya kuhamisha na kufukuza. Mwaka 2024, baada ya mafuriko makubwa, nyumba zilizokuwa kwenye kingo za Mto Mathare, Nairobi, zilibomolewa kwa hoja ya usalama. Hoja ya usalama ni ya haki. Mto ule uliua. Lakini kumbomolea mtu kabla ya kumwonyesha pa kulala si kumwokoa na maji. Ni kumtia katika gharika nyingine isiyo na maji. Kwanza kiwanja, kisha nyumba, kisha ndipo ya zamani ivunjwe. Utaratibu ukigeuzwa, hata jambo jema huwa dhuluma.

Nimeanza na Shianda, na sharti nirudi kwenye deni lake, kwa kuwa hapo ndipo wasomaji wengi watakapoona uzito. Wa Shianda hawafurikiwi kama wa Budalangi. Wana ngurumo zao na radi zao, na mvua za mawe, lakini mto hauwaamshi usiku. Kwa hiyo ni rahisi kudhani kwamba haya ni ya wengine. Lakini tulimfundishwa nini chuoni kuhusu jirani? Kwamba hakuamini kwa ukamilifu yule ambaye jirani yake hasalimiki na shari yake. Na jirani si wa nyumba ya pili tu. Anayekunywa maji ya mto niliokwisha kuuoga ni jirani yangu. Anayepokea tope la shamba langu kitandani mwake ni jirani yangu zaidi. Tangu kiwanda cha sukari cha Mumias kilipoanza kusaga mwaka 1973, miwa ilipandwa kila palipopandika, na hata baada ya kiwanda hicho kuanguka na kutiwa chini ya mrasimu mwaka 2019, mazoea ya kulima hadi ukingoni hayakuanguka pamoja nacho.

Dawa yake haihitaji Benki ya Dunia. Ni ukanda wa miti na majani kandokando ya kila kijito, usiolimwa; ni makinga maji shambani yanayofuata mkingamo wa mteremko badala ya kuushuka; ni kuyaacha matindiga yawe matindiga, kwa kuwa tindiga ni sifongo la mto. Serikali ya kaunti ya Kakamega na ile ya Busia zina mpaka baina yao, lakini mto haujui mpaka. Ikiwa Busia inajenga tuta na Kakamega inalijaza tope, hizo ni fedha za umma zinazopigana zenyewe kwa zenyewe. Wakae pamoja, wa juu na wa chini, na anayekinga udongo wake huku juu alipwe au apunguziwe kodi, kwa kuwa anajenga tuta la Budalangi bila ya kufika Budalangi.

Wako watakaosema kwamba hali ya hewa imebadilika na kwamba mvua zijazo hazitajali miti wala matuta. Huenda. Lakini hiyo ndiyo sababu ya kufanya haraka kitanda kihame, wala si sababu ya kukaa kitako. Mvua ikizidi nguvu, mwenye kulala juu ataamka, ataangalia chini, atasikitika kwa mahindi yake, kisha atahesabu watoto wake awakute wote.

Kwa kuwa wenzetu wengi hushika neno upesi likiwa na vina, nawaachia ubeti mmoja wa kusomeana:

Usiku nenda mlima, mchana rudi bondeni,
Jembe lisije kukwama, riziki i udongoni,
Mto una zake zama, hurudi mwake njiani,
Na wa juu akilima, amkumbuke wa chini.

Basi mvua ikikatika mwaka huu, na ukisikia mtu barazani akiuliza kwa nini watu wa Budalangi hawahami, muulize na wewe: Wamepewa wapi, kwa hati gani, na umbali gani na shamba? Na kama muulizaji ni wa juu ya mto, mwongezee la nne: Udongo wa shamba lako uko wapi?